Ndimu Kando ya Jiko

Sindo, alasiri

Mwanangu Omondi,

Ndugu yako Okoth hakukataa kutoka kwangu kwenda kujenga boma lake. Mimi ndiye niliyekataa kumtoa. Nimekuficha jambo hili tangu ukiwa kidato cha tatu, na nimelificha kwa kulisema kinyume, mbele ya watu, kwa sauti ya mzee aliyeonewa na mwanawe, hata ikafika mahali nikaanza kuliamini mwenyewe.

Umeenda Homa Bay kununua sanduku, na umesema utarudi jioni. Kesho asubuhi unaondoka. Haya siwezi kukuambia ukiwa umechuchumaa mbele yangu ukinichua miguu. Nilijaribu juzi, nikajaribu jana. Kila nikifungua mdomo unaniuliza kama nataka maji. Kwa hiyo naandika. Mwandiko utauvumilia, ulizoea kuona mistari yangu ubaoni ikiwa imenyooka, lakini mkono huu si ule tena.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kuvaa nguo nzito. Shangazi yako atakuambia hayo kwa simu mpaka utachoka kuipokea. Nataka kurudi kwenye Jumapili iliyopita, uliponieleza utakachokwenda kusomea.

Uji ulikuwa jikoni, mimi kwenye kiti changu. Ulichukua ndimu ukaiweka chini, karibu kabisa na jiko la makaa.

"Baba, wewe ni mwalimu wa fizikia. Utaelewa haraka kuliko wote niliowaeleza."

"Nilistaafu," nikasema, "na akili nayo ikaomba kustaafu."

Ukacheka. Ukasema jiko ndiyo nyota, ndimu ndiyo sayari. Sayari yenyewe haimo katika mfumo wetu wa jua. Ni ya nyota nyingine, mbali mno. Haina ardhi ya kukanyaga. Ni gesi tupu, kubwa kama Mshtarii au kuishinda, lakini imekaa karibu na nyota yake hivi kwamba mwaka wake mzima unaisha kabla ya wiki yetu kuisha.

"Ilizaliwa hapo?" nikauliza.

"Wengi tunadhani hapana. Ilizaliwa mbali, kwenye baridi, mahali ambapo kitu kinaweza kukusanya gesi na kunenepa. Halafu ikasogea ndani."

"Nani aliivuta?"

"Hapo ndipo wanapobishana, baba. Kuna wanaosema hivi na wanaosema vile. Lakini ikishafika, imefika. Inaigeuzia nyota uso mmoja tu, siku zote. Upande huo unaungua, upande wa pili unabaki gizani. Na gesi yake inapeperushwa kidogo kidogo, ikiburuta kama mkia. Nyingine zinazidi kusogea mpaka zinamezwa."

Kisha ukatazama kule langoni, kwenye ile nyumba ndogo iliyoanguka paa, ukasema, "Hii sayari ni Okoth kabisa. Alikaa kwa moto wa baba mpaka akaisha."

Ukacheka. Nami nikacheka. Ulikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu ulikuwa ukicheka kwa habari nilizokupa mimi. Kicheko changu ndicho kilichonifanya niitafute kalamu leo.

Uliisahau ile ndimu pale chini. Asubuhi niliikuta upande mmoja umekuwa mweusi, ngozi imekauka na kupasuka, na upande mwingine bado kijani kama imetoka mtini sasa hivi. Sikuitupa. Iko hapa mezani, inazuia karatasi zisipeperushwe.

Wewe humkumbuki Okoth wa Migori. Ulikuwa mdogo. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza mota nyuma ya soko, na nilipomtembelea mara ya kwanza nilisimama nje kidogo nikimtazama kabla hajaniona. Alikuwa amefungua mota ya mashine ya kusagia, anaizungushia waya mpya wa shaba, akihesabu mizunguko kwa midomo bila sauti, kama mama yako alivyokuwa akisali. Harufu ya vanishi ilijaa mle ndani. Mteja alikuja na haraka zake akaambiwa, "Keti, mzee. Waya haujui kama una haraka." Aliponiona alifuta mikono, akaniletea kiti kizuri, yeye akakaa juu ya ndoo. Atieno mkewe alituletea chai. Walikuwa wanacheka kwa mambo ambayo mimi sikuyaelewa, vijana wenye maisha yao. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kama wivu. Mtoto wangu alikuwa ananenepa mbali nami.

Mama yako akafa. Ulikuwa darasa la sita. Waombolezaji waliondoka, masufuria ya kuazima yakarudishwa kanisani, nawe ukarudi shule. Nilikaa katika nyumba hii nikisikia saa ya ukutani. Nikampigia Okoth simu, nikamwambia, "Rudi. Omondi ni mdogo na mimi niko peke yangu."

"Nirudi kwa muda gani, baba?"

"Mpaka tujipange."

Alifunga kibanda. Wewe unasema kule mbinguni wanabishana ni nani aliyeivuta sayari. Hapa Sindo hakuna wa kubishana.

Alirudi kwenye simba yake, ile nyumba ya ujana aliyoijenga mwenyewe kando ya lango. Desturi yetu unaijua, lakini acha niiandike ili niitazame usoni. Kijana hukaa katika simba mpaka baba yake amtoe. Siku ya kumtoa, wanaondoka asubuhi na jogoo, shoka na moto, baba akitangulia mbele, mwana na mke nyuma yake, mpaka mahali palipochaguliwa. Baba anagusa ardhi, nguzo ya kwanza inasimama, na kabla ya jua kuzama nyumba iwe imeezekwa. Mwana hawezi kujitoa. Akijitoa, amemruka baba yake akiwa hai. Shoka unaweza kuazima, na moto, hata jogoo. Baba hawezi kuazimwa.

Okoth alipata kazi ya kutengeneza mashine za boti hapa ufuoni, na akaifanya vizuri. Alinipikia kuku Atieno alipokuwa mgonjwa. Alinisomea magazeti macho yangu yaliposhikwa na mtoto wa jicho. Akaniomba nimtoe. Nikamwambia tumngoje Omondi amalize darasa la nane, kwa sababu nyumba mbili zitagawanya nguvu. Ulipomaliza, nikasema mvua ni nyingi. Mvua ilipokwisha nikasema mimi ni mzee wa kanisa, mambo ya majogoo na mashoka tuliyaacha tulipobatizwa.

Unajua alinijibu nini? Alikuwa amesimama pale mlangoni, kofia mkononi.

"Basi jogoo nimwache, baba. Na shoka niliache. Tuombe tu. Wewe tembea mbele."

Nilimwambia nitafikiria.

Huko ufuoni hawakumwacha. Walimwita Mlinzi, kwa sababu analala langoni. Siku moja nilipita nikasikia mchuuzi mmoja wa dagaa wa omena akimwuliza kwa sauti ya wote kusikia, "Omera, ndugu yangu, watoto wako wakibalehe watajenga wapi? Simba ndani ya simba?" Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha beseni. Okoth naye akacheka, akaendelea kufungua nati. Nilipita kama sikusikia. Jioni aliniletea samaki.

Miaka mingi nilisimama mbele ya darasa nikifundisha kwamba umbali ukipungua kwa nusu, mvutano unakuwa mara nne. Niliichora, nikawapa mitihani, nikawaadhibu walioikosa. Sikuwahi kuileta nyumbani. Nilidhani mtoto akiwa karibu ndivyo anavyopendwa zaidi, na sikuona kwamba kila siku kitu fulani kilikuwa kinamtoka: kwanza wateja wake wa Migori, halafu mzaha wake, halafu namna alivyokuwa akimtazama mke wake.

Wewe nilikupeleka bweni, nikakulipia masomo ya ziada, nikakuambia usirudi likizo kama kuna kambi ya sayansi. Nilikurusha mbali kwa mkono uleule niliomshikia yeye. Usidhani nilikupenda zaidi. Nilijua tu kwamba mmoja amebaki.

Mwishowe wazee wa ukoo walikuja wakaniketisha. Nikaona aibu, nikakubali, tukapanga siku. Okoth alifyeka shamba la kule juu, penye mwamba unaotazama ziwa. Alichimba mashimo ya nguzo. Aliandaa mabati, mbao, misumari, na Atieno alialika wanawake wa kupika. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuja kunisalimia. Hakukaa. Alisema, "Baba, kesho," akatabasamu kama mtoto aliyeahidiwa safari, akaenda.

Asubuhi watu walijaa uani. Mimi nilikuwa kitandani. Nilimwambia Okoth miguu imekataa, haina nguvu, siihisi.

Hakuuliza swali hata moja. Alitoka nje akawaambia watu, "Mzee anaumwa, tusamehe." Akanibeba mgongoni mpaka barabarani, kwa sababu gari halikuweza kuingia kwa matope, na tukaenda hospitali Homa Bay. Nilikuwa na shavu langu kwenye shingo yake. Alikuwa anatoka jasho, na bado alikuwa amevaa shati jipya la siku ile. Daktari alinipima, akanigonga magoti, akasema haoni tatizo, pengine ni uzee, pengine ni huzuni. Nilirudi na fimbo. Okoth alinichua miguu kila jioni, mwezi baada ya mwezi. Hakuitaja tena siku ile.

Atieno ndiye aliyesema. Alimwambia mumewe neno moja juu yangu, na Okoth, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti, alimfokea mpaka mimi nikasikia kutoka humu ndani: "Usimtukane baba yangu. Mtu hawezi kufanya hivyo." Baada ya siku chache Atieno alichukua watoto akaenda kwao Muhuru Bay. Hakurudi. Wewe ulipokuja likizo ukauliza wako wapi, nilikuambia mwanamke amemkimbia mvivu na kunitukana akiondoka. Nilikuambia nilimpa Okoth shamba, nikamwekea siku, naye akalala. Ulikuwa kijana, ulinipenda, ukaniamini.

Okoth alikaa peke yake langoni muda fulani. Kisha asubuhi moja alikuja akaniaga. Hakuchukua kitu isipokuwa mfuko wa vifaa vyake. Yuko Masara mpaka leo, anatengeneza pampu na mashine za kusaga mawe kwa wachimba dhahabu, amepanga chumba. Hawezi kujenga kule juu kwenye mwamba kwa sababu sijamtoa, na hawezi kurudi kwenye simba kwa sababu ana mvi. Hajafa, hajaoa tena. Ukimwuliza mtu wa hapa, atakuambia Okoth amepotea.

Nawe ulimpigia simu. Nilikuwa nimeketi papa hapa, nikakusikia ukimwambia, "Wewe ni mtu wa kufugwa. Usinipigie mpaka ujenge." Ningeweza kunyoosha mkono nikakupokonya simu hiyo. Nilitazama dirishani. Tangu siku hiyo hamjazungumza.

Kuna kopo la dawa ya kuchua hapo kwenye dirisha. Kila jioni unalifungua, unanipaka, unasema ina harufu kali lakini inafanya kazi. Hukuwahi kuuliza linatoka wapi, ukadhani ni duka la dawa la hapa. Linatoka Masara. Kopo likikaribia kuisha anatuma lingine kwa mtu wa bodaboda, amelifunga kwa gazeti. Hajui kwamba wewe ndiye unayenipaka. Anadhani najipaka mwenyewe.

Sasa miguu imekataa kweli. Imevimba, na hata nikiichoma kwa kalamu hii siihisi. Daktari safari hii hakusema pengine. Alikuambia ukweli kule nje, na wewe ukarudi ndani ukanificha kwa uso mzuri. Katika familia hii tunajua kuficha. Juzi ulianza kusema ungeweza kuahirisha safari mwaka mmoja ukae nami. Nilikukatiza kwa ukali ukashangaa. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya maneno yako: mpaka tujipange. Nenda, Omondi. Hata ukisikia nimefika mwisho kabla hujafungua hilo sanduku, maliza kwanza kilichokupeleka.

Ila kesho, kabla ya kushika barabara ya Nairobi, pitia Masara. Ni kuzunguka, najua, lakini ndege yako ni keshokutwa usiku na muda upo. Uliza fundi wa pampu, watakuonyesha. Mwambie wewe kwanza yale yanayokuhusu. Sitakufundisha namna ya kuyasema. Kisha mwambie nimewatumia wazee wa ukoo ujumbe, na wamesema baba asiyeweza kutembea anaweza kubebwa kwenye kiti, mradi kiti kitangulie mbele. Mashimo ya nguzo yamejaa udongo lakini bado yanaonekana. Mwaka jana, nikiwa bado natembea, nilikwenda kuyatazama. Kama atakuja wiki hii nitakuwepo. Wiki ijayo siwezi kuahidi.

Nimefikiri sana kama nikuombe umfiche lililobaki. Akiendelea kuniamini atakuja mbio, hilo nina hakika nalo. Atanichukua tena mgongoni hata kama kuna kiti. Akijua, huenda asije, nami nitazikwa bila kumtoa, na baba mdogo fulani ataitwa kushika nafasi yangu, na watu watasema Okoth alikataa hata siku ya mwisho. Ndiyo hofu niliyo nayo mchana huu, kuliko hofu ya kufa. Lakini akija kwa uongo, atakuwa anatembea nyuma ya kiti kitupu.

Kwa hiyo mpe barua hii aisome mwenyewe, na umwache peke yake akiisoma. Usimsimamie. Usimwombe anisamehe kwa niaba yangu.

Nimelizunguka jambo hili tangu mchana, na sasa nasikia wanawake wanakunja nyavu za omena huko nje. Utakuwa karibu kufika. Neno alilosema Atieno ni hili. Alisema alfajiri ya siku ile, alipotoka kuwasha moto wa kwenda nao kwenye boma jipya, aliniona nikitoka nyumbani, nikivuka ua mpaka choo cha nyuma, nikirudi bila fimbo na bila kushika ukuta. Alisema nilisimama kidogo langoni nikaitazama simba yenu, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Atieno hakunitukana. Nilitembea, Okoth. Miguu yangu ilikuwa mizima.

Baba yenu